Nyuzi Tano, Kichwa Kimoja

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimefuma kofia ya mtoto. Nzuri ajabu! Nimeimaliza kabla chai haijapoa, mkono mmoja kazini, mwingine kwenye kikombe. Watu wamesimama dirishani kunishangaa.

Uongo. Sijafuma kitu. Chai ndiyo kweli, na imepoa. Dirishani alikuwepo paka wa jirani, naye alikuwa anapigia hesabu mkate wangu. Ila kulabu ninayo. Kijiti cha chuma kiasi cha kalamu, mdomo umepinda. Nimekishika hivi, nimekishika vile. Nimejichoma.

Nieleze chanzo kabla sijaanza kujisifu tena.

Jana tulikula mchana kwa Mkwe. Mkwe ni baba wa mume wa kitindamimba wetu. Fundi nguo. Cherehani yake imekaa sebuleni kama mgeni wa heshima, hata kiti kizuri kapewa yeye. Mimi nilikuwa dobi maisha yangu yote mpaka mgongo ulipokataa, na mtaani bado naitwa Mzee Pasi. Binti yetu tumbo linafika mezani kabla yake. Atajifungua wakati wowote, na ni mjukuu wa kwanza pande zote mbili. Basi Mkwe akatoa kofia ya hariri aliyomshonea mtoto. Ina bitana, ina kamba za utepe. Wanawake wakaguna kwa utamu. Mimi nikasema, kwa upole wangu wote, kwamba hariri ile ikiingia majini mara moja itatoka kama ganda la kitunguu. Mkwe akafuta mdomo taratibu. Akasema fundi anatengeneza, dobi anaharibu, na tangu zamani kazi ziligawanywa hivyo.

Meza nzima ikacheka. Mke wangu akacheka kuliko wote, mpaka akapaliwa.

Damu ikanichemka. Nikasimama. Nikatangaza kwamba nitamfumia mjukuu kofia kwa mikono yangu hii, na atatoka nayo hospitali. Kufuma! Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani nilikuwa nakikumbuka kitambaa cha meza cha nyumbani kwetu, alichofuma mke wangu, ambacho mke wa Mkwe hukisifu kila akija kutuona.

Mkwe akapanga masharti palepale, mdomo umejaa wali. Kofia itakayomkaa mtoto vizuri ndiyo atakayotoka nayo, ndiyo itakayopigwa picha, na picha itatundikwa sebuleni kwa vijana. Nikishindwa, nitasimama kwenye meza ile niseme kwa sauti: fundi anatengeneza, dobi anaharibu. Na si mara moja. Kila tutakapokutana!

Tulipokuwa tunaaga, binti akanivuta pembeni mlangoni. Akaninong'oneza kwamba yeye anataka mtoto avae ya kwangu. Akasema, Baba, usiniangushe.

Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Nimejichoma tena.

Jumanne, 3 Machi

Asubuhi nikaenda duka la nyuzi, kulabu mkononi. Sikujua dunia ina nyuzi nyingi hivyo. Ukuta mzima! Mwenye duka ni mwanamke mnene wa umri wa binti yangu mkubwa, miwani imening'inia shingoni, mdomo haukai. Akaniuliza kama ndiyo naanza kufuma. Nikamjibu kwamba niko kwenye mambo ya nguo tangu yeye hajaota meno. Si uongo. Sikusema nilikuwa upande gani wa nguo.

Hata hivyo akanipa somo bila kuombwa. Anayeanza achukue uzi wa unene wa kati, kwa sababu mwembamba unaumiza macho na mnene sana unaleta uvivu. Uwe laini, usio na manyoya. Uwe wa rangi nyeupe au ya maziwa, aone vitanzi vyake. Na kwa kofia ya mtoto mchanga, akasema, chukua huu hapa, pamba imechanganywa na akriliki, uzi wa kiwandani. Pamba inaleta ubaridi, akriliki inaleta kunyumbuka. Akaliweka bonge mezani. La rangi ya maziwa. Halina hadithi.

Nikalitazama. Nikaona aibu kwa niaba yake. Uzi wa wanaoanza! Nikainua macho, na rafu ya juu kabisa nikaona kitu. Cheusi. Kina manyoya marefu kama mgongo wa paka aliyekasirika. Nikasema, ule.

Akacheka mpaka miwani ikarukaruka. Akasema ule ni wa watu ambao vidole vyao vina macho, Mzee, na wewe hata kulabu umeishika kama kijiko. Nikamwambia mimi nimesomea vidole. Akasema mtoto atakula manyoya. Nikasema mtoto hana meno. Nikasema pia kwamba nyeusi haionyeshi uchafu, na hilo ni dobi ndani yangu aliyesema, na dobi ndani yangu hajawahi kukosea.

Nimeondoka na uzi mweusi. Kazi inaanza kesho. Mkwe ajiandae!

Jumatano, 4 Machi

Kwanza nikamwomba mke wangu anifundishe kufuma. Nani mwingine? Kitambaa chake kile kinasifiwa na watu wazima na akili zao.

Akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikwisha kupangwa. Nikarudia ombi. Akafunga mlango wa jikoni, akaniambia nisimwambie mtu yeyote, akasema kitambaa kile alikinunua. Alikinunua! Mke wa Mkwe alipokisifu mara ya kwanza na kuuliza nani kafuma, yeye alijikuta ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Toka hapo ameendelea kuinamisha.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaapa kuitunza siri. Akasema nikitoboa nitajipikia mwenyewe mpaka kiama. Nikaapa tena, kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo nimejifundisha mwenyewe. Kitanzi cha kwanza, vizuri. Cha pili kiko wapi? Sijui. Cha tatu nimekiingiza ndani ya kitu ambacho kilikuwa ama kitanzi cha pili ama kidole changu. Uzi mweusi wenye manyoya, ukishafunga kitanzi, kitanzi hakionekani tena. Ni kutafuta sisimizi ndani ya ndevu. Nikataka kufumua nianze upya. Haufumuki! Manyoya yameshikana kama ndugu waliopatana baada ya ugomvi. Nimekuta unyoya kwenye chai, unyoya kwenye sharubu, mmoja masikioni, huo sijui ulipita wapi.

Mke wangu akapita akauliza ninamnyonga nani.

Mchana nikaiacha kazi sakafuni karibu na kiti, nikalala kidogo. Nikaamshwa na kishindo. Mke wangu yuko juu ya stuli, fagio mkononi, anapiga mayowe ya panya. Kaupiga uzi wangu mpaka ukaingia chini ya kabati. Nilipomweleza kwamba panya yule ni kofia ya mjukuu, hakuomba radhi. Akasema afadhali angekuwa panya.

Alhamisi, 5 Machi

Nimerudi dukani. Nikasema uzi mweusi nilimnunulia rafiki yangu fulani, mtu wa papara, na umemshinda. Mwenye duka akasema pole kwa rafiki yako, naona amekuachia manyoya kwenye kola.

Nikamwomba anionyeshe namna ya kushika kulabu, eti nikamfundishe rafiki. Akanifundisha palepale mezani, huku anauza, huku ananidhihaki. Mnyororo kwanza. Halafu unaufunga duara. Halafu unaingiza, unavuta, unavuta tena. Vidole vyangu ni vya kukamua mablanketi lakini vikashika! Wateja wawili walisimama kutazama. Safari hii ni kweli.

Akalisogeza tena lile bonge la rangi ya maziwa. Pamba na akriliki. Nikalisukuma kwa kidole. Nikasema nipe sufu tupu, kitu cha hadhi. Akasema sufu si mbaya kwa mkono mpya. Inavutika, inasamehe makosa. Lakini wengine inawawasha, na ole wako uiingize kwenye maji ya moto.

Kunifundisha mimi habari za maji! Mimi!

Na kwa kuwa siku hizi kila kitu kinaitwa sufu, nikaamua kuhakikisha. Dobi yeyote anajua. Unachoma ncha ya uzi: pamba inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, vitu vya kiwandani vinayeyuka na kudondoka. Nikatoa kiberiti. Ilinuka nywele, safi kabisa, sufu halali. Mwenye duka akaruka toka nyuma ya meza kwa wepesi ambao sikuutegemea. Akasema ukuta mzima huu ungewaka, babu kichaa wewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimefaulu mtihani. Nilipoutazama vizuri ukuta nikaona hakuwa amekosea sana.

Nimeondoka na sufu. Nyeupe. Niliridhia jambo moja la rangi. Mtu asiseme mimi mbishi.

Jumapili, 8 Machi

IMEKWISHA!

Nimefuma Ijumaa, nimefuma Jumamosi, nimefuma leo asubuhi. Kofia! Duara kamili juu, ukingo chini, shimo moja tu lisilo la kawaida ambalo nimeamua ni la hewa. Nikaivika birika la chai. Birika likapendeza kuliko nilivyowahi kuliona. Mke wangu alisimama mbele yake, akasema, haya bwana. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Nimempigia simu binti. Nikamwambia kofia iko tayari. Akafurahi mpaka akasema mtoto amepiga teke. Nikamwambia amwambie baba mkwe wake aanze kujifunza jinsi ya kunyamaza.

Limebaki jambo dogo. Nguo mpya haivaliwi kabla ya kufuliwa, hilo najua hata nikiwa usingizini. Mtoto mchanga! Vidole vyangu vimepita kila mahali. Nimechemsha maji. Nimetia sabuni. Nimesugua kwa mikono ya kazi, kama zamani, mvuke usoni. Nimeimba.

Imetandazwa juani.

Jumatatu, 9 Machi

Kofia imesinyaa.

Imesinyaa si neno. Imejikunja, imegandamana, imekuwa ngumu kama kisigino. Vitanzi havionekani tena. Saizi yake ni ya yai. Najua ni ya yai kwa sababu mke wangu aliivika yai la kuchemsha asubuhi mezani, na yai likakaa moto mpaka nilipomaliza kuomboleza. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata juu ya kazi ile.

Na hapo hapo, hodi! Mkwe. Alikuwa anapita, eti. Hajawahi kupita mtaa huu katika maisha yake. Akaliona yai. Akauliza hii ndiyo? Nikasema hapana, hii ni sanaa nyingine, ni koti la yai, watu wa maana wanayo. Akalivua yai, akaigeuza kofia ndani nje, akapapasa ukingo kwa kidole cha fundi. Akauliza, ulichemsha? Nikatazama dari. Akacheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanapanda na kushuka. Akasema, Mkwe wangu, wewe hata ukitengeneza, unaharibu mwenyewe. Wateja wako walikuwa na moyo.

Mke wangu akaomba udhuru akaingia jikoni. Nilimsikia akicheka ndani ya sufuria.

Nitawaonyesha. Wote wawili. Na sufuria.

Jumatano, 11 Machi

Pamba tupu!

Nilifikiri kwa makini safari hii. Nikajiuliza, ni kitu gani kimestahimili kila nilichokitenda duniani? Maji ya moto, sabuni kali, pasi? Mashuka ya hospitali. Na mashuka ya hospitali ni nini? Pamba. Nikamweleza mwenye duka. Akasema hesabu si mbaya, isipokuwa pamba tupu hainyumbuki, na mkono wako wewe, Mzee, unakaba. Mwenye mkono wa kukaba na uzi usionyumbuka watashindana mpaka mmoja alie. Akalisogeza bonge la rangi ya maziwa. Nikajitia hamnazo.

Nimefuma siku mbili. Aliyelia ni mimi. Uzi unapasukapasuka, kulabu inashika nusu ya uzi na kuacha nusu. Vitanzi vimekazana, kulabu haipiti mpaka niisukume kwa kifua. Kidole cha shahada kimevimba. Lakini kofia ikatimia, na nikaifua kwa maji yanayotokota, haikusinyaa hata kidogo! Nikaipiga pasi ya moto, ikatulia kama askari. Nikasema dobi ameshinda.

Hapo nikaona pembeni wanga uliobaki. Kola ya shati bila wanga si kola. Sikuona kwa nini kofia iwe tofauti.

Sasa nimeigonga kwa kifundo cha kidole. Ilisema ko ko ko.

Nikaipeleka dukani nikiwa na fahari kidogo bado. Mwenye duka akaigeuza, akaiweka mezani, ikasimama. Akatia vifungo vyake ndani, havikudondoka. Akasema Mzee wangu, mtoto anatoka hospitali, haendi vitani. Akaomba abaki nayo ya kuwekea vifungo. Nilimpa. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika haraka.

Nimenunua akriliki tupu. Kwa nini akriliki? Kwa sababu mwenye duka alisema mchanganyiko wa pamba na akriliki, na pamba nilikwisha kuijaribu, kwa hiyo kilichobaki ni akriliki. Hesabu imenyooka. Niliacha shule mwalimu alipoanza habari za sehemu, lakini kutoa najua.

Na niseme ukweli: utamu! Uzi unateleza kwenye kulabu wenyewe. Haupasuki, hauwashi, unavutika. Ukikosea unafumua, hausemi kitu. Rangi ya ndizi mbivu. Nikaanza jana asubuhi, leo kabla ya chakula cha mchana nimemaliza, na shimo la hewa halikuwepo. Mke wangu akaishika akaiweka shavuni. Shavuni! Akasema peleka hivi hivi. Akanikazia macho. Akarudia, hivi hivi, Mzee, usiiguse.

Akatoka kwenda kwa jirani.

Nilitaka tu kunyoosha ukingo. Ukingo ulikuwa umejikunja kidogo upande mmoja. Kugusa tu! Kama mtu anavyomfuta mtoto pua. Pasi ikagusa, pasi ikasema tsss, na nilipoiinua kofia ikaja nayo. Upande ule umekuwa bapa, unang'aa, mgumu kama karata. Moshi. Harufu ya ndoo inayoungua. Uso wa pasi, ile pasi iliyonilea, iliyosomesha watoto wangu, umepakwa njano.

Mke wangu alirudi, akanusa akiwa bado mlangoni. Hakufoka. Angefoka ningejua pa kujificha. Aliichukua pasi, akaikwangua kwa kisu, akaifunga kwenye gazeti, akaenda nayo ndani akarudi mikono mitupu. Nikauliza iko wapi. Akasema iko likizo.

Na simu ikalia. Mume wa binti. Uchungu umeanza, wako njiani kwenda hospitali.

Sina kofia. Sina uzi. Nina kidole kilichovimba na jina baya. Binti aliniambia usiniangushe.

Jumamosi, 14 Machi

Msichana! Amezaliwa alfajiri. Mama mzima, mtoto mzima. Nililia kwenye simu, nikamwambia mke wangu ni mafua, akasema na yeye ameyapata.

Wanatoka kesho asubuhi.

Duka lilikuwa halijafunguliwa nikawa tayari nimekaa kwenye ngazi. Mwenye duka akaja na funguo, akanitazama uso. Hakutania. Nikavua kofia yangu mwenyewe kichwani, nikamsimulia yote, nikasema nipe ule ulioniambia siku ya kwanza. Akauliza upi. Alijua! Alitaka niseme. Nikasema pamba na akriliki, unene wa kati, laini, wa rangi ya maziwa. Uzi wa wanaoanza. Akalitoa bonge chini ya meza. Lilikuwa limefungwa tayari kwenye karatasi, sijui toka lini. Akanishika mkono kabla hajaliachia, akasema, hakuna kuchemsha. Hakuna wanga. Hakuna kiberiti. Hakuna pasi. Nikasema pasi iko likizo.

Akaniambia na mkono nilegeze, nivute kama ninavyomvuta mtoto usingizini, si kama ninavyokamua blanketi.

Nimefumia hospitali, kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, zamu ya wanawake ikiwa ndani. Vidole vinajua sasa. Kulabu inaingia, vitanzi naviona, kila kimoja na mlango wake. Mkwe akaja akakaa upande wa pili wa benchi na sanduku lake la hariri magotini, limefungwa utepe. Akanitazama. Akasema hiyo ya ngapi? Nikasema naweka macho kwenye kazi. Akasema mjukuu ataolewa ukiwa bado unaweka macho.

Bonge likanidondoka likaviringika chini ya benchi mpaka kwenye viatu vya muuguzi. Uzi ukazunguka miguu ya viti vya wageni, ukafunga fundo. Kabla sijainama, Mkwe ameshapiga magoti. Aliufuata uzi kiti kwa kiti, akafungua fundo kwa kucha, akalizungusha bonge upya, zuri kuliko mwanzo. Akanirudishia. Fundi hawezi kuona uzi umesokoteka akakaa. Ni ugonjwa.

Nikamwambia ahsante. Akasema asisikie mtu.

Jumapili, 15 Machi

Niandike polepole, nisiharibu.

Kofia nilimaliza leo asubuhi, wakati mke wangu anachana nywele. Imepinda. Upande mmoja umeshuka zaidi ya mwenzake, kama mtu anayesikiliza umbeya. Sikuifua kwa maji ya moto, niliipitisha kwenye maji baridi nikaipepea dirishani. Nusu nzima ya mwili wangu ilikuwa inaitafuta pasi. Nusu nyingine ilikuwa inamwogopa mke wangu.

Chumba cha hospitali. Binti kitandani, amechoka, anang'aa. Mtoto mikononi mwake. Wote tumesimama. Mkwe akafungua sanduku. Hariri ikamulika. Ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulisema kwa sauti. Akainama amvike.

Haikuingia.

Akajaribu kwa mbele. Akajaribu kwa nyuma. Kofia ilikaa juu ya utosi kama kizibo cha chupa. Mtoto ana kichwa! Hariri na bitana yake haivutiki hata ukiisomea. Mkwe alishona kwa vipimo vya vitabu, na mtoto huyu hajasoma vitabu. Akavuta kamba zifike kidevuni, moja ikakatika, mtoto akapasua yowe mpaka wodi ya pili wakaitikia.

Binti akanitazama. Nikatoa yangu mfukoni. Nilikuwa nimeikunja kama leso, nisionekane nina matumaini. Nikaivika. Ikaingia. Ikanyumbuka, ikakizunguka kichwa chote, sikio moja ndani, sikio moja nje. Mtoto akapiga chafya. Akanyamaza. Akalala.

Picha ikapigwa. Mkwe yuko nyuma upande wa kushoto, anaangalia kamba iliyokatika.

Binti akanishika kidole kile kilichovimba. Akasema, Baba, hukuniangusha. Nikasema mafua haya ya hospitali ni mabaya sana.

Nilikitazama kichwa cha mtoto. Nikakitazama kichwa cha Mkwe, ambaye kofia zake zote hushona mwenyewe kwa sababu madukani hazimtoshi. Nikakitazama tena cha mtoto. Nikanyamaza, kwa heshima.

Uongo. Niliuliza kwa sauti kichwa kile tumekipata upande gani. Chumba kikacheka, muuguzi naye, na wa kwanza kucheka alikuwa Mkwe mwenyewe. Akasema haya, dobi ametengeneza. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia! Halafu akaongeza kwamba kichwa ndicho kilichoshinda, na kichwa ni cha kwake. Nimemwachia. Leo nina nafasi.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeamka bingwa.

Kwanza nikaenda dukani kumpasha habari mwenye duka. Akapiga makofi, akaita na mwuza viatu wa jirani aje asikie. Akasema unaona, uzi wa wanaoanza. Nikamwambia uzi ulisaidia kidogo, sikatai, lakini mkono ndio mkono. Halafu nikainua macho kwenye rafu ya juu kabisa. Akasema hapana. Nikasema ule. Akasema Mzee, nakuomba. Nikamweleza kwamba mimi sasa si wa kuanza, na nimeamua kumfumia Mkwe sweta, kwa moyo mweupe, sweta jeusi la manyoya, mikono mirefu, lenye kola ya kufunika kichwa kizima. Akaniuzia huku anatikisa kichwa. Nina mabonge ya kutosha kumfuma Mkwe mara mbili. Paka wa jirani ameyaona akakimbia.

Pili, mchana binti ameleta kofia. Mtoto ameitemea maziwa. Nimeambiwa niisuuze kwa maji baridi tu, basi. Maji baridi! Kwenye maziwa! Wameambiwa na nani? Doa la maziwa nalijua mimi tangu enzi za baba zao. Maji yako jikoni yanachemka ninapoandika. Na ukingo ule uliopinda, picha imekwisha kupigwa, sasa unaweza kunyooshwa kidogo. Kugusa tu. Kosa la Ijumaa halikuwa pasi, lilikuwa uzi. Huu una pamba ndani.

Sasa, mke wangu. Najua unaisoma shajara hii. Jumatano jioni ulicheka peke yako jikoni, ukasema ko ko ko, na neno hilo sikumwambia mtu, niliandika humu tu. Sina kinyongo. Soma. Ila kumbuka pia nani anakijua kitambaa cha meza kilikotoka, na kwamba mke wa Mkwe atakuja Jumapili kukisifu, na nani ataketi pale kimya, midomo imefungwa, kama mume mwema. Nimekutunzia siri, mama. Siombi kikubwa. Siombi hata ahsante.

Pasi iko wapi?